Nyumba kwa nyumba, mkoba, redio au mkutano: kijiji cha Kigoma kitumie njia ipi kufikisha uzazi wa mpango?

Mama mwenyekiti alikuwa ameshamaliza kila kitu kichwani: turubai, spika mbili za kukodi, kwaya, mgeni rasmi kutoka wilayani, na fulana za njano zenye maandishi mgongoni. Kikundi chao cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, katika kijiji kimoja cha ziwani kusini ya Kigoma mjini, kilikuwa na laki nane kwenye mfuko wa jamii. Wanachama walikubaliana ziende kwenye "uhamasishaji wa uzazi wa mpango". Mimi niliitwa kupanga ratiba tu.

"Shikamoo mama. Ratiba tutaipanga," nikamwambia. "Ila nieleze kwanza: atakayechomwa sindano siku hiyo, mwezi wa tatu akitaka kurudia, atalifuata turubai wapi?"

"Wewe nesi na maswali yako," akacheka. "Turubai si litakuwa limerudi kwa mwenyewe."

Tangu siku hiyo nimeulizwa jambo hilohilo na kamati za huduma za jamii, na vikundi vingine, hata na padri mmoja: tuna fedha kidogo, tuwafikie watu kwa njia gani? Karibu njia zote nimezifanyia kazi, nyingine nimezipenda na nyingine zimeniudhi. Naziweka hapa ubavu kwa ubavu. Upendeleo wangu mtauona, sitauficha.

Kusikia wameshasikia

Makosa mengi huanzia kwenye kudhani kwamba watu hawajasikia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 ulionyesha kwamba karibu kila mtu mzima Tanzania amesikia habari za angalau njia moja ya kisasa. Pamoja na hayo, wanawake walio kwenye ndoa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 31, na ukijumlisha za asili inafika 38. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 4.8, umeshuka kutoka 5.2 wa utafiti wa 2015 na 2016. Huku kwetu Kanda ya Magharibi, Kigoma na Tabora, wastani umezoea kuwa juu ya ule wa taifa.

Kwa hiyo pengo liko katikati ya kusikia na kutumia. Ukikaa na akina mama wanaokamua mawese, ukawaachia nafasi ya kusema bila kuwasahihisha kila sentensi, utasikia pengo lenyewe. Kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kinatembea mwilini mpaka kwenye moyo. Vidonge vinajikusanya tumboni kama changarawe. Kitanzi, kile cha ndani ya mji wa mimba, kinamchoma mume. Sindano inakausha kizazi. Anayeyasema hayo anaijua kila njia kwa jina, na jengo lenye bango la Nyota ya Kijani, alama ya huduma za uzazi wa mpango, anaweza kukuonyesha kwa kidole. Asichonacho ni mtu wa kumuuliza mara ya pili na ya tatu, kwa sauti ya chini, bila kuonekana mjinga.

Na si kila anachosema ni uzushi. Sindano ya Depo ikiachwa, mimba huweza kuchelewa miezi kadhaa kuliko kwa waliokuwa wakitumia njia nyingine. Kizazi hakijakauka, lakini kuchelewa kupo kweli. Kijiti na sindano huvuruga hedhi: wengine hupata matone ya kila siku, wengine damu hupotea kabisa. Vitabu vyetu huyaita "maudhi madogo madogo". Kwa mwanamke ambaye mumewe anataka kujua kwa nini wiki ya tatu bado hajatoharika, hilo udogo wake uko wapi?

Kila njia ya kufikisha elimu mimi huipima hapo. Siku ya maudhi, ni nani aliye karibu?

Sauti kubwa: mkutano na redio

Mkutano wa hadhara una sifa moja ambayo wataalamu huidharau: unatoa ruhusa. Mwenyekiti wa kijiji, shehe na mchungaji wakikaa meza moja, na mmoja wao akasema kupanga uzazi si kuua, basi kesho mhudumu akibisha hodi hafukuzwi. Nimeona shehe mmoja wa Ujiji akimaliza ubishi wa nusu saa kwa kuwasomea hadithi ya Jabir, kwamba masahaba walifanya azli, yaani kumwaga nje, wakati Kurani inateremka na hawakukatazwa. Mimi ningehitaji mwaka mzima.

Zaidi ya ruhusa, mkutano hautoi mengi. Mbele hukaa watoto, nyuma yao wazee kwenye viti, pembeni vijana na pikipiki zao. Akina mama husimama mbali chini ya mwembe, mtoto mgongoni. Mwanamke gani atanyanyua mkono aulize habari za damu wakati baba mkwe yuko safu ya pili? Siku moja nilitoa kile kiungo cha mbao kuonyesha uvaaji wa kondomu. Watoto walipiga kelele kama wameona mchekeshaji, bibi mmoja akajifunika khanga uso mzima, na maswali niliyoulizwa mpaka jua linazama yalikuwa mawili. Yote mawili yaliulizwa na mtendaji.

Ukihitaji hiyo ruhusa, usilipie turubai. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila miezi mitatu. Ombeni nusu saa kwenye ajenda. Ni bure.

Redio ni habari nyingine. Tanzania tuna ushahidi wa redio ambao nchi nyingi hazina. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na Dodoma ikaachwa nje hadi 1995 ili watafiti walinganishe. Kwenye maeneo yaliyousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma. Dodoma nayo ilipoanza kuusikia, ikapanda. Mchezo ulikuwa na watu wenye tamaa na woga kama majirani zetu, na wasikilizaji waliwajadili visimani na vilabuni kana kwamba wanawafahamu. Tangazo la sekunde thelathini lenye sauti ya daktari haliwezi kazi hiyo.

Lakini tazama mchezo unavyofanya kazi: unamtoa mtu nyumbani hadi kwenye mlango wa zahanati. Pale mlangoni redio inaishia. Tena mwenye redio si wewe. Septemba 2018 matangazo ya uzazi wa mpango kwenye redio na televisheni yalisimamishwa nchi nzima, na waliokuwa wameweka mayai yote kwenye kapu hilo walibaki wanatazamana. Kijiji hakina ubavu wa kulipia mchezo wa redio. Halmashauri inaweza kuzungumza na kituo cha mkoani wapewe saa moja ya usiku, muuguzi akae studio na simu ziwe wazi. Hapo redio inapata masikio, kwa sababu msikilizaji hana sura. Nimekaa kwenye kipindi cha namna hiyo. Kila aliyepiga alikuwa anamuulizia rafiki yake. Marafiki wa watu wa Kigoma wana matatizo mengi sana.

Mkoba na mhudumu wa jirani: hapa ndipo penye uamuzi

Watu wengi wanaoniuliza hatimaye wamebaki na haya mawili. Ama waalike huduma ya mkoba, timu inayokuja na gari au boti na vifaa vyake kwa siku moja au mbili, ama wawawezeshe wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tunaowaita WAJA, wapite nyumba kwa nyumba mwaka mzima.

Nianze na haki ya mkoba. Zahanati nyingi za pembezoni hutoa kwa uhakika vidonge, kondomu na sindano. Kijiti na kitanzi hutegemea kama aliyefundishwa yupo au amehamishwa. Kufunga kizazi sahau, utakwenda kituo kikubwa. Mkoba huleta vyote hivyo hadi kwenye vijiji vya ziwani kuelekea Mahale, ambako safari ya boti kwenda mjini hula siku. Na tofauti ya njia zenyewe si ndogo. Kwa wanawake 100 wanaotumia vidonge kwa mwaka, jinsi watu wanavyovitumia kwa kweli, wakisahau na kuchelewa, takriban 7 hupata mimba. Sindano takriban 4. Kondomu za kiume 13, ingawa kondomu ndizo peke yake zinazokinga pia VVU na magonjwa ya zinaa. Kitanzi cha shaba hakifikii hata mmoja, na kijiti ni mmoja kwa wanawake 1,000. Kijiti cha njiti moja kimeandikwa miaka mitatu, cha njiti mbili miaka mitano, na kitanzi cha shaba huzidi kumi. Mwanamke aliyeamua kwamba watoto sita wanatosha, ukimpa paketi za vidonge kwa kuwa ndizo ulizonazo, umemnyima alichokuja kukitafuta.

Sasa upande wa pili. Nilikutana na mama mmoja, umri wake unaweza kuwa thelathini, akiwa na kovu la kama urefu wa njiti ya kiberiti upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Kijiti alikiwekewa na timu ya mkoba, vizuri kabisa, kwa hiari yake. Mwezi wa pili matone yakaanza, hayakati. Akaenda zahanati ya karibu. Aliyejua kutoa alikuwa masomoni. Akaambiwa asubiri mkoba urudi, na tarehe hakuna aliyekuwa nayo. Nyumbani maneno yakazidi. Mwishowe jirani akakitoa kwa wembe, mkono ukaoza, akalazwa siku tisa.

"Kijiti hakikunidhuru, dada," aliniambia huku akishusha mkono wa gauni. "Kilichonidhuru ni kukosa wa kunisikiliza."

Katika kitongoji chao, msimu mzima uliofuata hakuna aliyetaka hata kulisikia neno kijiti. Timu iliyomwekea ilishaandika jina lake kwenye hesabu ya mafanikio, na hesabu hiyo haikuwa ya uongo.

Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mwenye mkoba si "mtahudumia wangapi?" Muulize tarehe ya kurudi, nani kijijini atafundishwa kutoa, na mwanamke akitaka kitolewe wiki ya pili bila sababu yoyote, atatolewa? Akibabaika kwenye la tatu, msimualike. Kitu usichoweza kukivua si chaguo. Mkoba pia unategemea mfuko wa mtu wa mbali: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, shughuli nyingi za namna hii barani Afrika zilisimama ghafla.

Mhudumu wa jirani hana gari na hana mkasi. Haweki kijiti. Huweza kutoa kondomu, kuendeleza vidonge, na kuandika rufaa. Nguvu yake ni kwamba Jumanne yupo na Jumatano yupo. Anajua nyumba ya nani ina mtoto wa miezi mitano. Vijiji vya milimani, Kasulu, Buhigwe au Kakonko, atakusalimu "mwakeye" na kuulizia mihogo kabla hajafungua begi, na mazungumzo yenyewe yatakuwa ya Kiha, maana wako wanawake ambao Kiswahili chao kinawatosha sokoni tu, hakiwatoshi kwenye mambo ya chumbani.

Serikali nayo imeelemea huko. Mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Utekelezaji unakwenda kwa awamu, kwa hiyo ulizeni halmashauri kama zamu yenu imefika kabla hamjaanza kulipa mtu wenu.

Lakini jirani naye ana kasoro yake, nayo inaitwa ujirani. Kama mhudumu ni shemeji wa mumeo, siri yako ina miguu. Nimeshuhudia kijiji kilichoteua mpwa wa mwenyekiti, kijana wa kiume wa miaka ishirini na mbili, mpole, mwenye cheti. Alizungushwa vibarazani miezi sita, akipewa karanga na kuagwa. Hakuna aliyemwambia kitu. Akina mama walipoombwa wachague wenyewe, walimtaja mwanamke mmoja muuza dagaa, mama wa watoto wanne, kwa sababu "huyu tukimkopa hatangazi." Kigezo hicho hakipo kwenye mwongozo wowote niliousoma, na hakuna kilicho bora zaidi.

Nje ya nchi yapo majaribio mawili ninayopenda kuyataja, kwa sababu yanajibu swali hili moja kwa moja. Matlab, Bangladesh, mwaka 1975 walianza kugawa vidonge na kondomu nyumba kwa nyumba kupitia wanawake wa kijijini, wengi wao wazee wasiosoma. Matumizi yakaruka, kisha yakaporomoka. Mwaka 1977 wakabadilisha: wakaajiri wanawake vijana waliosoma, wakaongeza sindano na njia nyingine, na kazi yao ikawa kurudi kila baada ya muda kuwashughulikia wenye maudhi. Safari hii matumizi yalitoka chini ya asilimia 10 hadi karibu theluthi, na hayakushuka. Nyumba ni zilezile na milango ni ileile. Kilichobadilika ni kurudi na kuwa na chaguo.

La pili ni Navrongo, kaskazini mwa Ghana, kuanzia 1994. Sehemu moja walitumia watu wa kujitolea na machifu peke yao. Nyingine walimpeleka muuguzi akaishi kijijini. Nyingine wakaunganisha vyote. Kujitolea peke yake hakukupunguza uzazi. Walipounganisha muuguzi mkazi na mikutano ya machifu na wanaume, wastani ukapungua kwa kama mtoto mmoja kwa mwanamke. Natamani kila anayetaka kuwapa WAJA begi na kofia halafu aondoke aisome habari hiyo. Mhudumu asiye na zahanati inayofanya kazi nyuma yake anawaita watu kwenye duka lisilo na bidhaa. Watakuja mara moja.

Wanaume: pamoja au mbali?

Kila kikao kuna atakayesimama aseme "tuwashirikishe wanaume". Sawa, ila kuna namna mbili na hazifanani.

Namna moja ni kumwita mume na mke wakae mbele ya muuguzi. Wakielewana, ni bora kuliko chochote: mume ndiye atakayemkumbusha tarehe na kumpa nauli. Lakini Lusaka, Zambia, watafiti walijaribu kuwapa wanawake vocha ya uzazi wa mpango, wengine wakiwa na waume zao na wengine peke yao. Waliopewa peke yao waliitumia zaidi, hasa kwa sindano na njia zisizoonekana, na uzazi wasioutaka ukapungua. Mimi hilo halikunishangaza. Kwenye kabati letu tulikuwa na boksi la kadi za uzazi wa mpango ambazo wenyewe hawakuthubutu kwenda nazo nyumbani. Mmoja alikuja kila baada ya wiki kumi na mbili akiwa amebeba ndoo ya dagaa kichwani kama anakwenda sokoni. Ukimwambia huyo "njoo na baba watoto" umemfukuza, tena kwa heshima.

Namna nyingine ni kuwafuata wanaume walipo, wao peke yao, bila kuwaunganisha na mke yeyote kwa jina. Kwa vijiji vya ziwani tazameni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi hukaa mwaloni, na wanaume hukaa nayo wakishona nyavu, hawana haraka. Ratiba ya wilaya ikisema tarehe 14 na mwezi ukasema giza, utahutubia mawe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, tulipata wanaume wengi kuliko miaka mitatu iliyotangulia. Maongezi ya mwaloni hayaanzi na vidonge. Huanzia kwenye ada, kwenye shamba la michikichi linalogawanywa kwa watoto wanane, kwenye samaki wanaopungua. Miradi ya mazingira ya huku ililigundua hilo zamani: TACARE, iliyoanza 1994 karibu na Gombe, iliweka uzazi wa mpango ndani ya kazi ya misitu na maji, na mradi wa Tuungane huko Uvinza ukafuata njia hiyohiyo kwa uvuvi, misitu na kaya za mfano.

Nikilazimishwa kuchagua: wanaume mwaloni, wanawake zahanati, na wanaotaka kuja wawili wapokewe wawili. Ruhusa ya mume isiwe sharti la huduma. Sharti hilo halipo, ila wapo watoa huduma wanaolibuni.

Viwili vinavyosahaulika

Siku ya kliniki ya watoto haiitwi uhamasishaji na hakuna anayeipigia picha. Hata hivyo kila mwezi akina mama hamsini wanakaa benchi moja wakisubiri mizani, bila kulipiwa nauli na yeyote. Ndipo mahali pa kueleza kwamba kunyonyesha hukinga mimba kwa masharti matatu tu: mtoto hajafika miezi sita, hapewi kitu kingine hata uji, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Wengi walioniambia "nesi, nilikuwa nanyonyesha" walikuwa wameanza uji mwezi wa tatu. Kasoro ya kliniki ni kwamba inampata aliyekwisha kuzaa. Binti wa miaka kumi na saba haji kupima mtoto asiye naye.

Huyo utampata duka la dawa muhimu, akisubiri wateja wengine watoke ndipo aombe P2, kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo. Muuzaji akiwa amefundishwa, atamwambia kwamba P2 ni ya dharura, imezwe mapema iwezekanavyo na isizidi saa 72, haikingi VVU, na kama anaihitaji kila wiki basi kuna njia itakayomfaa zaidi, tena bure zahanati. Asiyefundishwa atachukua hela na kumkodolea macho. Kikao kimoja cha nusu siku na wauza dawa wa kata kina faida kwa vijana kuliko bonanza la mpira. Nimefanya vyote viwili.

Mkiniuliza mchague ipi

Kama zahanati yenu ina mtu anayeweka na kutoa vijiti na vitanzi, na dawa hazikatiki, wekeni fedha kwa wahudumu wa nyumba kwa nyumba na msiangalie nyuma. Mkutano na redio viwe vya kuwafungulia njia.

Kama zahanati haina mtu huyo, fedha za uhamasishaji zisubiri. Kwanza isumbueni halmashauri impeleke muuguzi mafunzo, na wakati huo huo alikeni mkoba wenye tarehe nne za mwaka zilizoandikwa, si mmoja wa ghafla. Mhudumu wa jirani awe na orodha ya waliowekewa, awatembelee wiki ya pili na mwezi wa pili, kwa kisingizio chochote, hata cha kununua mawese.

Kama ni mwalo wa wavuvi wanaohama kila msimu, nyumba kwa nyumba itawavunja moyo kwa sababu nyumba zenyewe zinahama. Huko mkoba wa usiku wa mbalamwezi na duka la dawa ndivyo vitakavyowafaa. Na kwa Ujiji na Mwanga, pale Kigoma mjini, ambako zahanati iko umbali wa kutembea na kila mtu anamjua kila mtu, redio ya usiku ina thamani kuliko mlango unaobishwa mchana.

Laki nane za mama mwenyekiti zilikwenda hivi: nauli za boti za muuguzi aliyejua kutoa vijiti, safari nne, posho ndogo ya mhudumu mmoja aliyechaguliwa na akina mama wenyewe na mwenzake wa kiume wa mwaloni, tochi mbili, mabuti, daftari, na sanduku la bati lenye kufuli la kuwekea kadi. Kwaya iliimba bure kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mgeni rasmi hakuja, wala hakuna aliyekumbuka kumuulizia.

Fulana zilishonwa mbili, za wahudumu. Mwenyekiti akataka ya tatu iwe yake, ya njano, kama alivyopanga tangu mwanzo. Tukampa.